Kwa Nini Kamera Haitulii Kogatende

Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara pale Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kameramani huwa na kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kundi likiwa bado ukingoni, kamera imetulia. Likianza kuporomoka, lenzi lazima iinamishwe mpaka majini, kisha ipande nalo ng'ambo. Hapo ndipo picha nyingi huharibika: kamera huchelewa kuanza, hushtuka, halafu humpita mnyama. Lawama huangukia mkono wa mpigapicha au bei ya tripodi. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi kosa lilitendeka mapema zaidi, kamera ilipofungwa bila kusawazishwa, na kwamba kukaza kichwa cha tripodi hakuliponyi.

Kichwa kizuri cha video kina mambo mawili ndani yake, na watu huyachanganya. La kwanza ni kimiminika chenye mnato, wazo ambalo Eric Miller wa Australia alilipatia hataza mwaka 1946, na ambalo watengenezaji wa filamu za wanyamapori walilikumbatia mapema. Kimiminika hupinga mwendo: ukisukuma haraka kinapinga zaidi, ukisimama hakipingi kitu. Kamera inayotaka kuanguka huicheleweshea safari tu. La pili ni springi ya mizani, na hii ndiyo inayobeba uzito. Chukua kamera na lenzi ndefu, jumla kilo 8, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 12 juu ya mhimili. Ukiinamisha nyuzi 30 bila springi, mkono ulioshika mpini wa sentimita 40 unazuia mzigo wa takribani kilo 1.2, kwenye nyuzi 10 ulikuwa kama kilo 0.4. Yaani mzigo unabadilika wakati uleule mnyama anaposhuka, na misuli inalazimika kukisia. Sasa weka lenzi ya milimita 600 kwenye kamera ya fremu kamili: kimo chote cha picha ni nyuzi 2 hivi. Mkono ukikosea kwa sehemu ya kumi ya nyuzi moja, picha inaruka asilimia 5 ya kimo chake. Mtazamaji wa televisheni ataliona hilo hata kama hajui lilikotoka.

Kwa hiyo mpangilio una sababu zake. Bakuli la tripodi husawazishwa kwanza kwa pimamaji, na gari likiwa limeegeshwa mteremkoni jambo hili halina mjadala, maana uso wa maji ya mto utaanika mwinamo wowote mara kamera inapogeuzwa kando. Kisha kamera ifungwe ikiwa na kila kitu itakachotumia: lenzi, betri, maikrofoni, skrini. Anayesawazisha kwanza na kubadili lenzi baadaye amejisumbua bure. Ukazaji wa kimiminika ushushwe hadi sifuri, mkono ukiwa tayari kuidaka kamera, na pleti inayoishika kamera juu ya kichwa isogezwe mbele au nyuma mpaka kamera ikae mlalo yenyewe. Ndipo springi irekebishwe. Ikiinamishwa ikazidi kuanguka, springi ni dhaifu. Ikirudi juu yenyewe, ni kali mno. Ukazaji huja mwisho kabisa, na huo ni suala la ladha na kasi ya tukio.

Wapo watakaosema kwamba hifadhini watu hawashuki garini ovyo, na mfuko wa maharage dirishani unatosha. Kwa picha ya mnato unatosha sana, na kwa simba aliyelala pia. Kwa kundi linaloshuka haufai, kwa sababu msuguano unaoishika lenzi ndio huohuo unaoifanya ianze kwa mshtuko. Wengine hutegemea programu ya kutuliza picha. Programu hukata kingo za picha ili kupata nafasi ya kusahihisha, na haiwezi kumrudisha nyumbu aliyekwisha kutoka kwenye fremu.

Pingamizi zito zaidi ni la wapigapicha wa harusi na ngoma za litungu mjini Tarime au Mugumu: kamera yao ina kilo moja, tripodi ni ya kawaida, springi ya kurekebisha haipo kabisa. Nakubali kwamba mengi ya hapo juu hayawahusu kwa ukamilifu. Lakini kusogeza pleti hakugharimu shilingi, na bila springi ndiko kunakosaidia zaidi. Anayeazima kichwa kikubwa cha televisheni naye ajue kinyume chake: springi iliyotengenezewa kilo 8 itaisukuma kamera yake nyepesi irudi juu kila anapoiinamisha kumfuata mchezaji anayetua chini. Ashushe springi hadi mwisho. Isipotosha, aongeze uzito kwa betri kubwa. Wote wawili wafanye jaribio moja kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi: inamisha kamera nyuzi 20, legeza mkono taratibu, tazama kama inabaki.