Chemirocha yarudi Kapkatet, nani atawasomesha watoto?

Sisi watu wa Pwani tukiitaja Nakuru huwa twakusudia baridi, heroe wa ziwani na malori yaendayo Uganda. Ama muziki, hatuutaji. Hilo ni kosa, kwani Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limekutana Nakuru mara kadhaa, na watoto kutoka kila pembe ya nchi hupanda huko na nyimbo zao. Shule za kwetu huenda na taarabu.

Mwenye kuhudhuria hakosi kuona jambo moja. Mtoto aimbaye wimbo alioupokea kwa nyanya yake husimama vingine. Yule aliyekaririshwa kwa wiki tatu maneno ya lugha asiyoijua, huenda sauti yake ikawa nzuri zaidi, lakini macho yake hayambanduki mwalimu. Humtazama kama abiria amtazamavyo utingo aliyeondoka na chenji yake. Wataalamu wa elimu ya muziki wana maneno marefu ya kulieleza jambo hili. Mimi nitapita njia ya Kapkatet.

Ukitoka Nakuru ukashika njia ya Mau Summit, ukayapita mashamba ya chai ya Kericho na mji wa Litein, utafika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 alifika hapo Mwingereza aitwaye Hugh Tracey na mitambo ya kunasia sauti. Aliwarekodi watu wakipiga chepkong, chombo cha nyuzi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, tena akawarekodi wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo, kwa maelezo ya Tracey, ni la Mmarekani Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi kule. Wakipsigis walilisikia jina wakalitia katika ulimi wao, na hadithi ikamgeuza mwenyewe kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa.

Tusiwacheke. Juma Bhalo wetu alizichukua lahani za filamu za Kihindi akazivisha maneno ya Kiswahili, na hakuna aliyemwambia kuwa yeye si Mswahili.

Basi sauti zile zikaenda Afrika Kusini, ambako Tracey aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954. Tangu mwaka 1978 maktaba hiyo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Walimwengu wakaisikia Chemirocha, Kapkatet yenyewe isiisikie. Ilipofika mwaka 2014 ndipo maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Tabu Osusa huko Nairobi, ilipozirudisha nakala kwa wenyewe. Baadhi ya waliorekodiwa walikutwa wangali hai, wakazisikia sauti za ujana wao.

Ni jambo jema, na waliolifanya wanastahiki shukrani. Lakini miaka 64 ilikuwa imepita. Santuri hukwambia sauti ilikuwaje. Haikwambii kidole kikae wapi, wala haikukatizi unapokosea.

Sisi tuliosoma vyuoni twalijua hili. Hapana aliyejifunza tajwidi kwa kuukodolea macho msahafu. Maalimu alisoma, nawe ukamfuata. Ukiiharibu herufi alikurudisha, na siku nyingine bakora ikamsaidia kazi. Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya, wa kujificha nyuma ya nguzo. Hata hivyo, siku niliyowekwa mbele ya watu nisome, sikutetemeka, maana kila herufi niliyoitoa nilikuwa nimeisikia kinywani mwa maalimu, naye aliisikia kinywani mwa maalimu wake. Nyuma yangu palikuwa na safu ya watu.

Habib Swaleh wa Lamu, wa Msikiti Riyadha, aliwasomesha hata wale ambao wakubwa wa mji hawakuwatia hesabuni, na katika maulidi yake dufu likapigwa. Walikuwapo wanavyuoni waliompinga kwa ajili ya dufu hilo. Mlango wa hukumu ya ala siufungui hapa; wenye elimu hiyo wapo. Ninalolitaja ni kuwa mtu aliyekuwa akiketi pembeni alipata mwalimu, akapata na mahali pa kuketi.

Huko shuleni nako serikali haikulala. Tume ya Rais ya Muziki, chini ya Dakta Washington Omondi, aliyekuwa mtafiti wa nyatiti hiyohiyo ya Wajaluo, ilitoa ripoti yake mwaka 1984. Mwaka uliofuata mfumo wa 8-4-4 ulianza, na muziki ukafundishwa katika shule za msingi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa katika mtihani wa KCPE, na kila mzazi ajua somo lisilotahiniwa hufanywa nini: kipindi chake hupewa hesabu. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka 2019, umeurudisha muziki pamoja na sanaa nyingine. Walimu wengi wanaopaswa kuufundisha walipita shuleni katika ile miaka ya ukame. Wao wenyewe hawakusikilizishwa, watamsikilizisha nani?

Maktaba ile ya Rhodes imekwisha kutoa kitabu cha kufundishia muziki wa Kiafrika katika shule za Afrika Kusini. Shule za Nakuru na Kericho nazo zapaswa kukipata cha kwao, lakini kitabu peke yake hakitamfundisha mtoto kupiga chepkong. Ajuaye chepkong ni mzee asiye na cheti cha ualimu, na shule haina fungu la kumlipa. Huitwa tamasha linapokaribia, akapewa nauli na soda. Katika nchi hiyohiyo mkufunzi wa mbio huajiriwa, wala haulizwi mtihani alioupasi, huulizwa aliowakimbiza ni nani. Mzee huyo naye apewe vipindi viwili kila juma na malipo ya kueleweka, na mwalimu wa darasa aketi pamoja na watoto ajifunze. Wasichana waliomwimbia Tracey mwaka 1950, walio hai leo wamekwisha kupita miaka themanini.