Rekodi za Palma na Mocímboa katika Akaunti za Chuo

Wanafunzi wetu na watafiti wenzetu wanaokusanya data katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, aghalabu huhifadhi rekodi zao mtandaoni katika akaunti walizopewa na chuo. Ni jambo la busara. Kompyuta huibwa, na kimbunga Kenneth kilichoupiga mkoa huo Aprili 2019 hakikubagua nyumba. Hata hivyo, jinsi tunavyozitumia akaunti hizo ni suala linalohitaji maelezo.

Tuanze na kiungo. Google Drive na OneDrive humruhusu mwenye faili ama kuwataja kwa anwani zao watu watakaoifungua, ama kuiacha wazi kwa yeyote aliye na kiungo. Wengi huchagua njia ya pili kwa kuwa ni nyepesi. Kiungo hutumwa katika kundi la WhatsApp, kikapelekwa kundi jingine, na mwisho wake haujulikani. Ikiwa ni jedwali la ngeli, hakuna neno. Lakini tuchukue mfano wa rekodi ya Kimwani au Kimakwe ambamo msimulizi anaeleza jinsi alivyokimbia Mocímboa da Praia, mji ulioshambuliwa Oktoba 2017, kisha ukawa mikononi mwa waasi tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Anataja kijiji chake, jamaa zake, pengine na sura aliyoitambua miongoni mwa washambuliaji. Na faili yenyewe imepewa jina lake kamili! Rekodi ya namna hiyo haina budi kupewa namba badala ya jina, na orodha ya majina iwekwe kwenye folda nyingine inayofunguliwa na mtafiti na msimamizi wake tu. Aidha, ridhaa iombwe kwa ukamilifu: msimulizi aelezwe nani atasikiliza, si kwamba atarekodiwa tu. Aliyekubali kwa ajili ya tasnifu hakukubali kusikika duniani kote. Tena, mtu aliyeshuka mashuani Paquitequete, Pemba, mwaka 2020 akiwa na kifurushi kimoja hatujui leo yuko wapi, wala yeye hana njia rahisi ya kututaka tuifute.

Suala la pili ni umiliki. Akaunti ni ya chuo, na katika vyuo vingi hufungwa muda fulani baada ya mwanafunzi kuhitimu, pamoja na yaliyomo. Rekodi za utafiti ziwekwe katika folda ya pamoja inayomilikiwa na idara, na uhamisho ufanyike kabla ya mahafali, si baada yake.

Nafasi nayo ina kikomo. Google ilitangaza Februari 2021 kuondoa hifadhi isiyo na mipaka kwa taasisi za elimu na kuweka kiwango cha msingi cha terabaiti 100 kwa chuo kizima. Filamu na picha za harusi zitafutiwe mahali pengine.

Mwisho, mtandao haupatikani wakati wote. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, mawasiliano ya simu yalikatika. Kwa hiyo mtafiti aliyeko nyanjani awe na nakala katika diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, na nywila hiyo isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski hiyohiyo.