Barakoa ya Usiku Haimpunguzii Mwanamke Uzuri Wake

Mkoromo katika jamii yetu umefanywa mali ya wanaume. Babu akikoroma, au mlinzi wa zamu ya usiku akikoroma, watu hucheka na mambo yakaisha. Mwanamke akikoroma, habari hiyo hugeuka kuwa siri ya nyumba. Watoto hukanywa wasiiseme mbele ya wageni, na mwenyewe, akienda kulala ugenini, hukesha kwa makusudi ili asije akasikiwa.

Kwa sababu ya haya hiyo, akina mama wengi wenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini hukaa nao miaka na miaka bila kumweleza daktari. Linalosikitisha zaidi ni kwamba hata wale waliokwisha pimwa na kupewa tiba, baadhi yao huiacha tiba yenyewe kwa haya ile ile, kwa kuwa huwataka walale na kifuniko puani na mpira wa hewa kando ya mto.

Ugonjwa wenyewe si wa ajabu. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kupita kiasi, njia ya hewa ikabanwa au ikafungika kabisa, na pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, koo hufunguka kwa kishindo, na mgonjwa huendelea kulala asijue lililompata. Wataalamu huhesabu vikwazo hivyo kwa saa moja ya usingizi: kuanzia 5 huhesabiwa kuwa ni ugonjwa, na vikifika 30 ni ugonjwa mkali. Fanya hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mtu wa vikwazo 30 kwa saa, akilala saa 7, hushtushwa mara 210 katika usiku mmoja, kisha asubuhi anatakiwa awahi basi la kazini. Ukiachwa bila tiba, ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi.

Kwa muda mrefu waganga wenyewe waliuona kuwa ni ugonjwa wa wanaume wanene. Katika kliniki za usingizi za Ulaya na Marekani wanaume walioandikishwa walikuwa wanane au tisa kwa kila mwanamke mmoja. Mwaka 1993 ikatolewa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa wafanyakazi wa kawaida wenye umri wa miaka 30 hadi 60 ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya kuugua. Ikaonekana kwamba wanaume 24 katika kila 100, na wanawake 9 katika kila 100, walikuwa na vikwazo 5 au zaidi kwa saa. Maana yake, tofauti ya kweli haikufika hata mara tatu. Basi wanawake wale wengine, ambao hawakuonekana kliniki, walikuwa wapi?

Walikuwa majumbani, wakitibiwa mambo mengine. Mwanamume mgonjwa huletwa hospitali na mkewe, aliyechoka kusikiliza ngurumo. Mwanamke mgonjwa huenda peke yake, na aghalabu hasemi kwamba anakoroma. Husema kwamba amechoka, kichwa kinamgonga kila asubuhi, usingizi unakatika katika, amekuwa mwepesi wa hasira au wa machozi. Tena kwa wanawake pumzi mara nyingi hubanwa tu bila kusimama kabisa, jambo ambalo halimshtui anayelala kando. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni humwandikia dawa za upungufu wa damu, au za usingizi, au za huzuni. Zipo dawa za usingizi zinazoweza kulilegeza koo zaidi, hivyo huenda tiba ikauongeza ugonjwa.

Umri nao una neno lake. Homoni ya projesteroni, ambayo mwanamke anayo kwa wingi katika miaka ya uzazi, husaidia kuisukuma pumzi. Hedhi inapokoma kinga hiyo hupungua, na ugonjwa huongezeka sana kwa akina mama. Mama wa miaka 52 akisema siku hizi halali vizuri, jamaa humjibu kwamba ni utu uzima. Huenda ikawa kweli, lakini apimwe kwanza. Wajawazito pia wasisahauliwe: mkoromo unaoanza katika miezi ya mwisho ya mimba, hasa ukifuatana na shinikizo la damu kupanda, haufai kufichwa kliniki.

Tiba inayotumika zaidi ilibuniwa mjini Sydney, Australia. Kabla yake, mgonjwa mahututi alikuwa na njia moja ya hakika, nayo ni kutobolewa koo ili apumulie kwenye tundu. Mwaka 1980 daktari Colin Sullivan alichukua pampu ya hewa, iliyotokana na mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kufyonza, akaiunganisha kwa mpira na kifuniko cha pua. Hewa ile iliyosukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika ililizuia koo lisifungike, na mgonjwa akalala usingizi mzito ambao hakuwahi kuupata kwa miaka. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1981. Vifuniko vya mwanzo vilitengenezwa kwa kipimo cha pua ya kila mgonjwa na kugundishwa usoni kila usiku, na mashine ilivuma kama karakana. Ya siku hizi ni ndogo kama redio ya mezani, na sauti yake ni ya mnong'ono.

Hata hivyo, hakuna mnong'ono unaoweza kumwondolea mwanamke wasiwasi anapojitazama kwenye kioo cha kabati usiku wa kwanza. Tuliseme hili waziwazi. Chumba cha kulala kwa mwanamke wa kwetu si mahali pa kulala tu. Ndipo anapofukiza udi, anapotandika shuka aliyoipiga pasi, anapovaa khanga aliyoichagulia maneno. Binti hufundwa juu ya chumba hicho kabla hajaolewa, na hakuna kungwi aliyewahi kumfundisha kuingia humo na mpira puani. Anayemwambia mama huyo asijali, ni afya tu, hajamwelewa. Anajali, na ana haki ya kujali.

Lakini apime pande zote mbili. Barakoa humchukua uso wake saa saba, gizani, wakati macho yake mwenyewe na ya mumewe yamefumba. Ugonjwa humchukua mchana kutwa: uso umevimba kwa usingizi mbovu, maneno makali kwa watoto, kusinzia kwenye mkutano wa kazini, na hamu ya unyumba kupungua, jambo ambalo wanawake wengi wenye ugonjwa huu hulilalamikia na kudhani kwamba mapenzi yamekwisha. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kati ya hao wawili mwizi wa uzuri anajulikana.

Na neno lenyewe, barakoa, lina historia ambayo haifai kupuuzwa. Zamani sana kabla ya kuwa kifaa cha hospitali, lilikuwa jina la pambo la uso la mabibi wa Unguja na Omani, lililoshonwa kwa ustadi na kutiwa nakshi, na asiye na daraja hakulivaa. Hatusemi kwamba silikoni ya kiwandani ni sawa na hariri. Tunasema tu kwamba kufunika pua hakujawahi, katika mwambao huu, kumwondolea mtu ubibi wake.

Sasa tuje kwenye mambo ya kutenda, maana haya nyingi huisha kifaa kinapokaa vizuri. Kuna barakoa inayofunika pua na mdomo, kuna inayofunika pua peke yake, na kuna ile ndogo kabisa yenye vijito viwili laini vinavyokaa kwenye matundu ya pua na kuuacha uso wazi. Wanawake wengi huipenda hiyo ya mwisho, ila anayelala mdomo wazi huenda isimfae. Mama asikubali kupewa iliyopo tu. Aombe kujaribu saizi ndogo, kwa sababu nyingi zilipimwa kwa nyuso za wanaume. Zipo zinazouzwa kwa rangi ya waridi na maua eti ni za kike. Rangi haizuii hewa kuvuja. Kipimo ndicho kinachozuia.

Alama za mikanda mashavuni hutokana zaidi na kukaza kupita kiasi. Mikanda ilegezwe, ivishwe kitambaa laini, na alama iliyobaki itaondoka kwa maji ya uvuguvugu wakati wa kujiandaa asubuhi. Mafuta mazito ya uso yasipakwe kabla ya kulala, kwani huiteleza barakoa na kuiharibu silikoni, yapakwe asubuhi. Kwa nywele, mkanda hupita kisogoni, hivyo fundo kubwa la nywele hapo litausukuma. Misuko ya kulala chali kichwani, kama twende kilioni, inafaa sana, na juu yake kitambaa cha satini ndipo mkanda ufuate. Udi ufukizwe mapema na moshi uachwe utoke, maana mashine huvuta hewa ile ile ya chumbani. Barakoa ioshwe kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali.

Kwa upande wa baba, kazi yake ni ndogo lakini ni nzito. Asifanye mzaha. Mzaha mmoja wa usiku wa kwanza unaweza kuirudisha mashine katika boksi lake moja kwa moja. Wala si lazima barakoa ivaliwe mara taa inapopunguzwa. Mazungumzo ya mke na mume yamalizike kwanza, mashine ni ya usingizi.

Gharama hatuwezi kuificha: bei ya mashine ni mzigo kwa mshahara wa mfanyakazi, na ni vema mtu aulizie bima yake au kazini kwake kabla ya kukata tamaa. Ambaye hajaipata, au umeme ukikatika, alale ubavu badala ya chali, na asinywe pombe jioni. Uzito wa mwili ukipungua, vikwazo hupungua vilevile, ingawa si kila mgonjwa ni mnene.

Linabaki suala la matanga. Hapo ndipo wanawake wengi hushindwa, kwa sababu hulala ishirini mkekani, bega kwa bega, na hakuna mahali pa kujificha. Mashine ya kawaida haizidi kilo mbili na huingia kwenye mkoba wa nguo; nyingine huweza kutumia betri. Achague kulala karibu na ukuta penye soketi, amweleze mapema mmoja wa wenyeji, shangazi au wifi, na atakayeuliza ajibiwe kwa maneno machache tu kwamba ni ya pumzi. Wenzake watatazama usiku wa kwanza. Usiku wa pili watakuwa wakizungumza habari za chai na maandazi ya wageni wa alfajiri.