KABLA YA MVUA YA VULI: MAFUNZO, MAONYESHO NA MISAADA KWA WAKULIMA WA UKAMBANI

Kwa mkulima wa Machakos, Makueni au Kitui mwaka hauanzi mwezi wa Januari. Huanza katika siku za Agosti na Septemba, wakati vumbi limejaa njiani, ng'ombe wamekonda, na kila mtu anatazama mawingu. Mvua ya vuli, inayonyesha toka Oktoba hadi Desemba, ndiyo tegemeo kubwa la chakula katika nchi hiyo, kwa maana mvua ya masika, toka Machi hadi Mei, haiaminiki sana huko. Mtu akikosea kazi ya vuli, amekosa chakula cha nyumba yake kwa miezi mingi.

Mambo ya miaka ya karibuni ni ushahidi wa kutosha. Toka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikuwa na mvua haba katika sehemu kavu za Kenya. Kisha vuli ya 2023 ikaja na El Niño: maji yakazidi kiasi, mito ikafurika na barabara zikakatika. Hakuna mkulima awezaye kuizuia hali ya namna hiyo. Lakini yako mabaraza, mafunzo, maonyesho na misaada ambayo hufanyika kwa kufuata majira, na watu wengi hukosa faida yake kwa sababu moja tu, kwamba habari huwafikia baada ya mambo kwisha. Yafuatayo ni maelezo ya mambo hayo, kwa mpango wa miezi yake.

MABARAZA YA HALI YA HEWA

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, Idara ya Hali ya Hewa hutangaza matazamio ya mvua ya vuli. Tangazo hilo la nchi nzima halimfai mkulima mpaka limefafanuliwa kwa ajili ya mahali pake. Kwa hiyo katika kaunti nyingi hukutana wataalamu wa hali ya hewa, maafisa wa kilimo na wa mifugo, pamoja na wazee wanaojua dalili za mvua za jadi, kama vile kuchanua kwa miti na mwendo wa upepo. Hupima maneno ya pande zote, kisha hutoa shauri: mvua yatazamiwa kuanza lini, itadumu muda gani, na mazao gani yanafaa kupandwa.

Shauri hilo husomwa katika mabaraza ya machifu, makanisani, na katika redio za Kikamba. Yafaa kila mkulima alisikilize, lakini ajue maana yake. Matazamio si ahadi. Yakisema kwamba mvua yaelekea kuwa chache, hayasemi kwamba haitanyesha. Yanasema kwamba mtu mwenye busara asiweke shamba lake lote chini ya zao moja linalohitaji maji mengi.

MAFUNZO KATIKA VYUO VYA WAKULIMA

Vyuo vya kuwafundisha wakulima ni jambo la zamani katika Kenya. Vingi vina asili yake katika miaka ya 1950 na 1960. Baada ya kazi za kilimo kukabidhiwa kaunti mwaka 2013, vyuo hivyo navyo vikawa chini ya serikali za kaunti. Machakos kina chuo chake, na Makueni kina chuo cha Kwa Kathoka, karibu na mji wa Wote. Mafunzo huwa ya siku chache: kutengeneza mboji, kufuga kuku wa kienyeji, kutunza miembe na michungwa, kuvuna maji ya mvua, na kuhifadhi nafaka. Mwenye haja hana budi kumwendea afisa wa kilimo wa wadi yake, ambaye wazee wengi bado humwita Bwana Shamba, na kuuliza orodha ya mafunzo. Mara nyingi vikundi hupewa nafasi kabla ya mtu mmoja mmoja; kwa hiyo inafaa majirani waungane kwanza, kisha wapeleke ombi lao pamoja.

Jambo moja lastahili kutajwa hapa. Katika nyumba nyingi anayekwenda kwenye mafunzo si yeye anayeshika jembe. Bwana hurudi na karatasi na maneno mazuri, naye bibi, ambaye ndiye anayepanda, kupalilia na kuanika, hasikii hata nusu ya yaliyosemwa. Kikundi chenye busara huwatuma wale wanaofanya kazi yenyewe.

Watu wa Ukambani hawana haja ya kufundishwa maana ya ushirikiano. Katika miaka ya 1930 sehemu kubwa ya Machakos ilikuwa imeharibiwa na mmomonyoko wa udongo. Kazi ya matuta iliyolazimishwa na serikali ya kikoloni iliwachukiza watu, na wengi waliiacha shuruti ilipolegea. Lakini baadaye, kwa hiari yao wenyewe na kwa vikundi vyao vya mwethya, walichimba matuta ya namna ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Wataalamu waliochunguza habari hiyo na kuitoa kitabuni mwaka 1994 walieleza kwamba watu wa Machakos waliongezeka kwa zaidi ya mara tano katika muda wa miaka sitini, na bado udongo ukawa umehifadhiwa vizuri kuliko zamani. Basi maarifa hushika mizizi pale mwenye shamba anapoyachagua mwenyewe.

MBEGU ZILIZO HALALI

Mwezi wa Septemba ni wakati wa kutafuta mbegu, wala si wakati mawingu yamekwisha tanda. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kimefanya kazi ya mazao ya nchi kavu toka miaka ya 1950, na sasa ni sehemu ya shirika la utafiti la KALRO. Hapo ndipo yalipotoka mahindi ya Katumani katika miaka ya 1960. Mahindi hayo hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi, na faida yake nyingine ni kwamba mkulima aweza kuchagua magunzi mazuri akajiwekea mbegu ya misimu miwili au mitatu, jambo ambalo haliwezekani kwa mahindi chotara.

Pamoja na mahindi, wataalamu hushauri mtama, wimbi, pojo, kunde na mbaazi. Mazao haya huvumilia ukame kuliko mahindi, na pojo hupata soko zuri. Mkulima mwenye ekari tatu akiweka ekari moja kwa mahindi, na zilizobaki kwa mazao hayo, hawezi kukosa yote kwa pamoja.

Lakini wako watu wabaya wanaotia rangi mahindi ya kawaida na kuyauza kama mbegu. Ili kuwazuia, shirika la ukaguzi wa mimea, KEPHIS, liliagiza kila pakiti ya mbegu iliyokaguliwa ibandikwe kibandiko chenye tarakimu zilizofichwa. Mnunuzi hukwangua kibandiko na kutuma tarakimu hizo kwa simu kwa nambari 1393, na jibu humwambia kama mbegu ni halali. Kazi hiyo ifanywe palepale dukani, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

MBOLEA YA BEI NAFUU

Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwaandikisha wakulima wa nchi nzima kupitia kwa machifu na manaibu wao. Aliyeandikishwa hutajiwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na mazao yake. Mwaka huohuo bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya Serikali ilishushwa toka shilingi 3,500 hadi shilingi 2,500. Mkulima aliyeandikishwa hupata ujumbe katika simu, na kwa ujumbe huo hununua mbolea katika ghala. Asiyeandikishwa hana budi kumwona naibu wa chifu mapema, na aliyebadilisha nambari ya simu amweleze vilevile, kwa maana ujumbe utakwenda kwa nambari ya zamani.

Mpango huo haukukosa dosari. Mwezi wa Machi 2024 iligunduliwa kwamba wakulima wa sehemu kadhaa za Kenya walikuwa wameuziwa mifuko ya mbolea isiyofaa, na Serikali ikaahidi kuwapa mbolea nyingine. Aliyetunza risiti na mfuko alikuwa na ushahidi mkononi. Aliyevitupa alikuwa na maneno tu. Kwa hiyo risiti iwekwe pamoja na karatasi nyingine za nyumba mpaka mavuno yamalizike. Na katika nchi kavu mbolea ya dukani haiondoi haja ya samadi, ambayo huufanya udongo kushika maji.

MAONYESHO NA SIKU ZA SHAMBANI

Chama cha Kilimo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi ASK, kilianzishwa mwaka 1901, na maonyesho yake hufanyika katika miji mingi. Yale makubwa ya Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri, kwa kawaida huwa mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, yaani kabla tu ya kupanda. Wengi huenda kutazama michezo na ng'ombe wenye nishani. Hilo si kosa, lakini mkulima afadhali apite kwanza katika vipande vya mazao ya mfano, ambapo aina nyingi za mtama au mahindi zimepandwa bega kwa bega, na wenye kuyajua wamesimama karibu. Aende na swali moja la shamba lake, arudi na jibu.

Zile siku za shambani, ambazo hufanyika Desemba na Januari mazao yakiwa yamekaribia kukomaa, pengine zina faida zaidi. Huko majirani hukusanyika katika shamba la mkulima mwenzao na kuona kwa macho yao zao lililostahimili na lililoshindwa katika udongo uleule na mvua ileile. Hakuna kiingilio, wala hakuna safari ndefu.

SUMU YA MAHINDI

Katika mafunzo yote, lile lisilofaa kukosekana ni la kukausha na kuhifadhi nafaka. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 kati yao wakafa. Hawakuuawa na njaa wala na ugonjwa wa kuambukiza. Walikula mahindi yenye sumu iitwayo aflatoksini, inayotokana na kuvu, nayo huharibu ini. Macho yaligeuka manjano, miguu na matumbo yakavimba. Wachunguzi walipouliza katika nyumba za wagonjwa walikuta kwamba wengi walikuwa wameweka mahindi yao wenyewe yakiwa bado na unyevu, tena ndani ya nyumba ya kulala.

Sumu hii haina ladha wala harufu, na mahindi yanayoonekana mazuri yaweza kuwa nayo. Kupika hakuiondoi. Kukoboa muthokoi hupunguza kiasi fulani, lakini hakuiondoi yote. Mahindi yaliyooza hayafai hata kupewa kuku au ng'ombe, maana sumu hupita mpaka katika maziwa.

Kinga yake ni hii. Mahindi yavunwe mara yakikauka, yasilazwe juu ya udongo, bali yaanikwe juu ya turubai au mkeka, na yaliyovunjika au yenye kuvu yatengwe. Ili kujua kama yamekauka, mtu achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi na kijiko cha chumvi kavu, afunge na kuitikisa kwa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Yakikauka vema yatiwe katika magunia yaliyo safi au mifuko isiyopitisha hewa, na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta.

Iko pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe, iliyoandikishwa Kenya mwaka 2015. Ni nafaka iliyobeba kuvu wa aina isiyo na sumu, ambao huwasukuma wale wabaya na kuchukua nafasi yao. Hunyunyizwa kilo 4 kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Afisa wa kilimo ataeleza jinsi ya kuipata.

MPANGO WA MIEZI

Kwa kifupi, Agosti na Septemba ni wakati wa kusikiliza matazamio ya mvua, kuhakikisha maandikisho ya mbolea, kutengeneza matuta na kununua mbegu. Oktoba ni wa maonyesho na kupanda. Novemba ni wa kupalilia na kutia Aflasafe kwa wakati wake. Desemba na Januari ni wa siku za shambani, na baada yake huja mavuno na kuanika.

Karibu mambo haya yote huanzia mahali pamoja, yaani katika ofisi ya kilimo ya wadi, na mengi hutangazwa katika baraza la chifu. Kwa hiyo kila kikundi kimchague mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika, afike katika ofisi hiyo mara moja kila mwezi toka Agosti, na kurudi kuwaeleza wenzake. Mvua hainyeshi kwa kumngoja aliyechelewa kupata habari.