Je, Wajua? Macho ya Manjano Huja Yamechelewa

Mgonjwa wa homa ya ini aina ya A huambukiza zaidi katika wiki moja au mbili kabla macho hayajageuka manjano. Siku unapoanza kumuuguza, huenda virusi vimekwisha kufika kwenye kata ya mtungini na mikononi mwa watoto. Watoto walio chini ya miaka 6 mara nyingi hawaonyeshi dalili yoyote, lakini kinyesi chao hubeba virusi.

Kinga kubwa nyumbani ni sabuni na maji yanayotiririka. Ndoo yenye koki inatosha. Kitakasa mikono cha spiriti hakitegemeki kwa kirusi hiki. Mgonjwa asipike kwa sasa, wala asinawe katika bakuli moja na wengine.

Dawa mahususi haipo. Mwili hupona wenyewe, ingawa uchovu huweza kudumu wiki kadhaa. Mpe maji, uji mwepesi, chakula kidogo kidogo. Pombe asiguse. Nakusihi pia usimpe mitishamba, wala hata parasetamo, kabla ya kumuuliza daktari: mzigo wa dawa hubebwa na ini lilelile lililovimba. Akichanganyikiwa, akitapika mfululizo au akitokwa damu, mkimbize hospitali.