Mbuzi Alipoingia Uwanjani

Mwihoko, kwa lugha ya Kikuyu, ni tumaini. Mahali penyewe ni mojawapo ya wadi za Ruiru, kaunti ya Kiambu, mbele ya Githurai kwa atokaye Nairobi. Sisi watu wa pwani tumezoea mpira wa mchangani maji yakipwa, na uwanja wetu hauna mwenyewe ila Mola. Huko bara majumba ya ghorofa yamebanana hata kiwanja kitupu ni kitu cha kutafutwa kwa taa. Hata hivyo mpira unachezwa. Nilikaa kwa mpwa wangu majuma kadhaa, na kila Jumapili asubuhi alinichukua uwanjani, nami nikiketi juu ya jiwe nikitazama ligi ambayo, ndugu msomaji, haikuchagua mtu.

Nasema haikuchagua mtu kwa maana yake hasa. Alikuwamo kijana mwenye miguu ya kulipwa, na alikuwamo mwenye duka wa miaka hamsini na kitu, kitambi mbele, yeye nyuma. Kipa mmoja alikuwa fundi cherehani ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Wengine hawajagusa gozi tangu watoke shule. Kila mmoja alitoa shilingi hamsini, za mpira, chokaa na chai ya refa, basi.

Kazi ya ligi kama hii si kupiga filimbi. Kazi ni kugawa. Waache watu wajigawe wenyewe uone: mafundi watakwenda upande mmoja, mabao yatakuwa kumi kwa nunge, na Jumapili ya tatu waliofungwa watakuwa wamelala makwao. Aliyeiendesha, makanika wa magari ambaye wenziwe humwita Mwalimu, alikuwa na daftari lililochafuka oili, na ndani yake majina ameyatia mafungu matatu: mafundi, watu wa kadiri, na wageni wa mpira. Kila timu ya watu saba lazima ipate watu wa mafungu yote, kwa kura ya vikaratasi ndani ya kofia. Baada ya miezi mitatu timu huvunjwa zikapangwa upya. Aliyefika hakosi kucheza walau kipindi kimoja. Na bao la mgeni wa mpira lilihesabiwa mawili.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyonipendeza. Niliwaona mafundi wakimtafuta yule mwenye duka kwa pasi kama mtu mwenye kesi atafutavyo shahidi.

Jambo la kuangalia nguvu za washindani si geni kwetu. Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi. Waliokwisha kufanyizwa mazoezi na kukondeshwa walikimbizwa kutoka al-Hafya hata Thaniyyatul-Wadaa, nao wapokezi wakakadiria maili tano au sita. Wasiozoezwa walikimbia kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kama maili moja tu. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Pale farasi walitengwa, na hapa Mwihoko watu wanachanganywa. Lakini shabaha ni moja, asiwekwe kiumbe kushindana na asichokiweza.

Hata huko huko bara lina mfano mkubwa zaidi. Ukishika barabara ya Thika kwenda mjini, hufiki ila umeikaribia Mathare, na hapo mwaka 1987 Bob Munro, mtu wa Kanada, alianzisha pamoja na vijana chama cha michezo kijulikanacho kwa herufi MYSA. Ligi yao ina hesabu ya ajabu: mchezo ukishinda ni pointi 3, na timu ikisafisha mtaa, ikazoa taka na kuzibua mitaro, ni pointi 6. Basi asiyejua kupiga chenga lakini anajua kushika sepetu ana faida kwa wenzake. Wala usidhani mpira wao ulidhoofika. Mathare United, iliyozaliwa humo mwaka 1994, ilichukua Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa Kenya mwaka 2008, ule ubingwa ambao Feisal yetu ya Mombasa iliuonja mwaka 1965.

Turudi Mwihoko. Mwenye bucha mmoja, kwa furaha yake, aliahidi mbuzi kwa timu ya kwanza. Waama, mbuzi yule aliharibu mambo. Jumapili iliyofuata zilikuja sura ambazo hazimo daftarini, vijana wa kukodiwa, wengine na njumu mpya. Fundi cherehani aliambiwa apumzike kidogo, akapumzika mpaka mwisho. Wakadai bao la mgeni lihesabiwe moja kama mabao mengine. Kisha wakazua la pili: kila timu itoe shilingi elfu mbili, zichanganywe, mshindi azibebe pamoja na mbuzi.

Mwalimu akanijia pale jiweni. "Mzee, kwenu dini yasemaje?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si mufti. Lakini fedha itokayo mifukoni mwa wote wanaoshindana, akaichukua mmoja, wanazuoni wetu huita kamari. Ya mtu wa nje wengine wameilegeza, wengine wameizuia isipokuwa kwa mishale, ngamia na farasi."

Akatikisa kichwa. "Kwetu kanisani ni vivyo hivyo. Lakini mimi sitazami dhambi, Mzee. Natazama nani atabaki nje."

Akazirudisha fedha zilizokwisha kutolewa, akafuta majina ya wageni wa kukodiwa, na mwenye bucha akamwomba badala ya mbuzi anunue nyavu za magoli. Mwenye bucha alinuna, hakutoa mbuzi wala nyavu. Mafundi saba wakahama kwenda uwanja mwingine wenye zawadi, na sikuwalaumu. Kijana mwenye kipaji hutaka malipo yake. Timu nne zikawa tatu, mbili zikicheza ya tatu hutoa refa na waokota mipira.

Nilipoondoka kurejea Mombasa, fundi cherehani alikuwa golini, vipindi vyote viwili. Kila bao lililompita, aliufuata mpira mwenyewe hadi mtaroni, maana nyavu bado hazijapatikana.