Mdondo na Mkasi Wake

Msomaji wa Mikumi, wilayani Kilosa, anauliza kuhusu tetea wake, anayemfuga kwa mapenzi na wala si kwa supu. Tangu juzi amejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi ni cha kijani, anahema mdomo wazi, na sasa shingo imeanza kupinda. Jirani amesema ni minyoo. Muuza dawa amempa antibayotiki. Ni nini hasa?

Mimi huanza na swali moja: ugonjwa uko wapi mwilini? Vipele na vidonda kwenye upanga na kope, fikiria ndui. Uso umevimba na pua zinatoa makamasi yanayonuka, mafua ya kuku. Kifaranga anaharisha damu, koksidia. Magonjwa mengi yana eneo lake. Tetea wa Mikumi anaumwa utumbo, njia ya hewa na ubongo kwa mara moja, na kwa kuku asiyechanjwa, wa kushukiwa kwanza ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Sayansi inautambua tangu 1926, ulipoonekana Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe: kwa nini unashambulia kila mahali? Kirusi cha mdondo kina protini iitwayo F, inayoshikamanisha utando wake na utando wa seli ili kipate kuingia. Protini hiyo hutengenezwa ikiwa kipande kimoja, na ikiwa hivyo haifanyi kazi. Sharti ikatwe.

Mwenye kununua doti ya khanga hahitaji maelezo zaidi. Khanga mbili hutoka kiwandani zimeungana, na hazivaliki mpaka zikatwe na kupindwa. Sasa chukua doti mbili. Ya kwanza, nafasi ya kukatia kati ya pindo ni finyu mno. Ukikosea umeharibu zote, kwa hiyo unaipeleka kwa fundi, na mafundi wako sokoni tu. Ya pili, nafasi ni pana, nyeupe. Hata mtoto akiwa na mkasi wa nyumbani ataikata. Kirusi kipole ni doti ya kwanza. Mafundi wake wako kwenye njia ya hewa na utumbo, basi huko ndiko kinakozaliana. Kuku hupiga chafya, yakaisha. Kirusi kikali ni doti ya pili. Mkasi wake umo karibu katika kila seli ya kuku: wengu, moyo, ubongo. Popote kitakapofika, kuna wa kukikata.

Mkasi huo wa kila nyumba huitwa furini, nao ni kimeng'enya. (Jina hilo linanikera kidogo: furini haimeng'enyi chakula, inakata. Ningeliita kundi hili “vikato”, lakini kamusi zimeshaamua.)

Nafasi yenyewe ya kukatia ni ndogo ajabu. Protini F ni mnyororo wa asidi amino 553, na ukali wa kirusi hutegemea zaidi chache zilizo kati ya namba 112 na 117. Kirusi kikali hurundika hapo arginini na laisini, kisha huweka fenilalanini kwenye 117. Kipole huwa na lusini mahali hapo. Australia ilionja udogo huo kati ya 1998 na 2000: kirusi kipole kilichokuwa kikizunguka kimyakimya kilibadilika katika eneo hilohilo, kikawa muuaji.

Antibayotiki haigusi habari hii, kwa kuwa hulenga bakteria. Mdondo hauna dawa, una chanjo. Inayotumika sana vijijini ni I-2, iliyotokana na kazi ya Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland na inayotengenezwa nchini, Kibaha. Ni kirusi hai kipole, doti ya kwanza. Hudondoshwa tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne. Jicho la kuku lina mfereji unaoshuka hadi puani, waliko mafundi, na nyuma yake ipo tezi inayotengeneza kingamwili. Kirusi hukatwa hapo, huzaliana, mwili ukakikariri, na ubongoni hakifiki. Tena I-2 huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za kuku, jambo kubwa kwa kijiji kisicho na jokofu.

Tetea huyu kachelewa kwa tone hilo. Mtenge leo, umwite afisa mifugo wa kata, maana maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Usimuuze, usimpakie basi la Iringa kama zawadi, na tenga vyombo vyake vya maji na chakula. Wenzake wasioonyesha dalili ndio wa kumwuliza afisa kuhusu chanjo, kabla hujaulizia dawa ya minyoo.